Koma Tatu



Siye wa darasa ya sita, tunaowapanga mustari kila asubuhi, tunapenda sana mahesabu ya treni ndogo ya mezani. Kipimo chake kiitwacho HO ni 1/87. Reli ya kawaida ya Ulaya iko na upana wa 1 435 mm. Ukigawanya na 87, unapata 16,5 mm. Reli ya kwetu Katanga, ya 1 067 mm, ingebaki na milimetri 12 na kidogo.

Sasa tazameni. Märklin ya Ujerumani inauza kipande cha njia namba 24188. Mtu atafikiri urefu wake ni 188 mm. Hapana, ni 188,3. Atasema: hiyo koma tatu ni bure! Lakini unga vipande kumi: ni milimetri 3 nzima. Kama njia inazunguka, ncha zake hazikutani. Ukizilazimisha, viungo vinaachana na mabehewa yanatoka kwa njia.

Tena tusiwe watumwa wa koma. Vipande viwili vya 94,2 vinafanya 188,4. Ile moja ya kumi viungo vinaimeza.

Ni vile vile kwa Egzame ya Serikali, na kesho, wakati mmoja wetu atapima dawa ya mtoto ao vyuma vya daraja. Tusikate koma mwanzoni. Tuikate mwishoni, tukijua ni ngapi tunatupa. Kidogo kinachorudiwa si kidogo tena.