Anaugua au Alishaugua?

Kiambishi cha wakati ni kidogo, lakini hubeba sentensi nzima. Darasani hilo ni jambo la mtihani tu. Nyumbani kwetu Miti, linaweza kuamua kama mama atauza mboga zake au atarudi nazo.

Mnamo Julai na Agosti 2020, wafanyakazi wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, walipimwa damu ili kutafuta kingamwili za korona. Asilimia 41.2 walikuwa nazo. Oktoba na Novemba mwaka huohuo, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mjini Kinshasa, wakakuta karibu mtu mmoja kati ya sita anazo. Wagonjwa walioandikwa rasmi walikuwa wachache mno kuliko hao. Ndiyo faida ya kipimo hiki: kinatuonyesha njia ambayo ugonjwa ulipita bila kuonekana.

Nilimsomea mama mdogo habari hizo. Hakuuliza juu ya asilimia.

"Wakija kunipima hapa nyumbani, waseme niko chanya, nani atanunua mboga zangu sokoni?"

Kwake, "chanya" ni mgonjwa wa leo. Neno lenyewe halina wakati: halisemi anaugua wala alishaugua. Nikamwambia, "Mama mdogo, kingamwili ni kama majivu jikoni. Yanaonyesha moto uliwaka, hayamchomi mtu."

Akacheka. "Mwanangu, wewe hupiki. Majivu mengine yana kaa la moto ndani."

Alikuwa na haki. Kingamwili za aina ya IgM hujitokeza mapema, pengine mtu bado anaumwa. Zile za IgG hubaki muda mrefu zaidi, baada ya ugonjwa kuondoka. Kwa hiyo hata "alishaugua" peke yake haitoshi. Mpimaji anapaswa kusema damu imeonyesha nini, na nini haikuonyesha: "Mwili wako ulishakutana na virusi. Kipimo hiki hakisemi kama bado unavyo." Ni sentensi mbili badala ya neno moja, lakini jirani anayesikiliza mlangoni atazielewa.

Tangu mpox ilipoenea kutoka Kamituga, katika jimbo letu hili, hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, swali la mama mdogo si la jana tena. Maabara hujibu kwa tarakimu. Sisi wa lugha tuna deni la kuzipa tarakimu hizo kitenzi, tena chenye wakati wake, kwa Kiswahili na kwa Kimashi, kabla mpimaji hajabisha hodi.