Tulichoandika Zamu ya Usiku

Nilisomea uuguzi na ukunga katika chuo cha misheni mkoani Singida mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka vitani si zamani, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na hospitali nazo zilijibana. Glavu tulizivua, tukaziosha, tukazianika, tukazipaka poda na kuzitakasa kwa mvuke ili zitumike tena. Sindano za kioo zilichemshwa. Alasiri wanafunzi wa mwaka wa kwanza tulikaa kwenye benchi refu tukikata gozi na kuikunja, huku metroni akipita nyuma yetu na kukagua kila mkunjo. Baadaye zikaja habari za UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na ule utaratibu wa kurudia glavu na sindano ukawa jambo la kuogopwa.

Metroni wetu alikuwa na neno alilolirudia kila asubuhi tulipopokea ripoti ya zamu: kisichoandikwa hakijafanyika. Ukimpima mama presha, andika. Ukimgeuza mgonjwa asiyejiweza, andika na saa. Mama akikuambia kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, andika kama alivyosema yeye, usimsemee. Tulidhani anatufundisha nidhamu tu. Nimefanya kazi ya ukunga wodini, darasani na kwenye utafiti, na sasa nimestaafu, ndipo naona jinsi alivyokuwa anatupatia nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma tena ulichoandika. Kila badiliko kubwa nililoliona likiokoa mama au mtoto lilianza pale watu walipokaa chini wakasoma kwa makini kile ambacho wauguzi walikuwa wakikiandika kila siku.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hospitali ya wilaya, na nikapangiwa leba. Usiku tulikuwa wawili, mara nyingine mmoja, na daktari alikaa nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja. Akina mama walifika kwa baiskeli, kwa mkokoteni wa ng'ombe, wengine kwa miguu wakisindikizwa na mama mkwe. Swali la bibi aliyekaa kwenye korido lilikuwa moja: "Sista, mwanangu anakwenda?" Nami nilijibu, "Anakwenda, bibi," baada ya kupima njia kwa vidole na kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe tunayoiweka tumboni kwa mama. Lakini anakwenda kwa kasi gani? Amekaa hapo alipo tangu saa ngapi? Majibu hayo yalikuwa yametawanyika kwenye faili, mstari huu na ule, kwa mwandiko wa watu watatu.

Mwaka 1987 ulifanyika Nairobi mkutano uliozindua jitihada za uzazi salama duniani, na katika miaka iliyofuata patografu ikasambaa kwenye wodi zetu. Ni karatasi moja ya kufuatilia uchungu. Njia ikifunguka unaweka alama, na alama zinapanda. Kuna mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kwa saa, na kulia kwake, umbali wa saa nne, kuna mstari wa kuchukua hatua. Moyo wa mtoto unasikilizwa kila nusu saa, njia inapimwa kila baada ya saa nne, na yote yanakaa mbele ya macho. Nilipofundishwa asili ya mistari hiyo nilifarijika sana. Philpott na Castle waliichora katika hospitali ya Harari, mjini Salisbury ambao leo ni Harare, wakaichapisha mwaka 1972. Shabaha yao ilikuwa kumsaidia mkunga aliye mbali na daktari ajue mapema ni mama yupi wa kupewa rufaa. Waliokuwa wanafikiriwa ni wakunga kama sisi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likatangaza matokeo ya kuijaribu patografu huko Asia ya Kusini-Mashariki kwa wanawake zaidi ya 35,000: uchungu wa muda mrefu ulipungua, na upasuaji wa dharura ukapungua.

Mimi niliona nguvu ya patografu usiku mmoja tulipompokea mzazi wa mara ya kwanza, binti mdogo, aliyekwisha kusumbuka nyumbani. Alama zake zilipanda, zikalala, zikavuka mstari wa tahadhari. Zamani ningetafuta maneno ya kumshawishi daktari aje. Usiku ule nilimtuma mlinzi kwake na karatasi mkononi. Daktari aliitazama mlangoni akavaa viatu. Kulipokucha binti yule alikuwa na mtoto wa kiume kifuani na mshono tumboni, na mama mkwe wake akinishika mikono asiniachie.

Wodi nyingine nimeziona zikijaza patografu baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lionekane limekamilika. Sipendi kuwasema vibaya wauguzi hao. Muuguzi mmoja mwenye kina mama sita wa uchungu hawezi kusikiliza mioyo sita kila nusu saa, na anayemdai karatasi bila kumpa mwenzake wa kusaidiana naye anadai jambo ambalo haliwezekani. Lakini karatasi iliyojazwa nyuma haimsaidii mama, na kwa mtafiti ni hatari zaidi ya karatasi tupu, maana inasema uongo kwa mwandiko mzuri.

Kifafa cha mimba nacho kilinifundisha kwamba desturi ya wodi inaweza kubadilishwa na hesabu. Kwa miaka mingi tulimchoma diazepamu mama aliyepata degedege. Alilala fofofo, mara akapata degedege tena, na mtoto alizaliwa mlegevu. Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa: magnesiamu salfeti ilipunguza kurudi kwa degedege kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na diazepamu. Mwaka 2002 utafiti mwingine, wa wanawake zaidi ya 10,000, ukaonyesha kwamba dawa hiyo inazuia degedege kabla halijaanza. Kwetu wauguzi dawa hiyo ilileta kazi mpya ya kukesha. Kabla ya kila dozi unagonga goti uone kama linaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unapima mkojo kwenye mfuko. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama. Kanuni nzima ya usalama wa dawa ile ipo kwenye macho na vidole vya muuguzi, na kwenye ile karatasi anayoiandikia.

Nilipopata nafasi ya kusomea shahada chuoni Muhimbili, mwalimu aliniuliza nitaandika utafiti wa nini. Nikamwambia nataka kujua kwa nini akina mama wanachelewa kufika. Nilirudi vijijini, nikakaa kwenye vigoda nje ya nyumba za tembe, nikauliza na kunyamaza. Umbali walitaja, na nauli. Walitaja vifaa ambavyo mama aliambiwa aje navyo: glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia. Kisha, uji ulipokwisha kunywewa na watoto wamekwenda kucheza, yakaja mengine. Kwamba mama alifokewa. Kwamba alivuliwa nguo mbele ya watu. Mama mmoja aliniambia, "Nesi, pale hospitali ungeniuliza ningekuambia nimehudumiwa vizuri. Hapa ni kwangu, ndiyo maana nasema."

Maneno hayo niliyakumbuka mwaka 2014 ulipochapishwa utafiti wa wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Wanawake walioulizwa wakiwa wanaondoka kituoni, kiasi cha 19 kati ya 100 walisema walitendewa bila heshima. Walipoulizwa tena majumbani mwao wiki kadhaa baadaye, walifika 28. Wanafunzi wangu niliwapa tarakimu hizo mbili kabla ya somo lolote la mbinu za utafiti. Mgonjwa anajibu kulingana na mahali alipo na mtu anayemuuliza, na muuguzi asiyelijua hilo atakusanya majibu mengi na kubaki hajui kitu. Lugha nzuri ni sehemu ya tiba, kwa sababu mama aliyetukanwa leo ndiye atakayejifungulia nyumbani kesho, na mdogo wake atafuata.

Jambo lililogeuza ualimu wangu lilitoka Haydom, hospitali ya Kilutheri wilayani Mbulu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto asiyelia, kwa mpango uliozinduliwa mwaka 2010. Somo lenyewe ni fupi. Mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama bado hapumui, mwekee barakoa na ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Tuliiita dakika ya dhahabu. Katika hospitali nane zilizofuatiliwa nchini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Haydom waliweka watu wa kukaa leba mchana na usiku wenye saa mkononi, wakiandika kila kinachotendeka tangu mtoto anatoka. Wakaonyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha mtoto ziliongeza hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16.

Watafiti hao hawakuficha jambo ambalo halikuwa zuri kulisikia. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini leba, kwa mtoto halisi, mambo yalibaki kama zamani. Nilikuwa mkufunzi, nimetoa vyeti vingi vya mafunzo ya siku moja. Matokeo hayo niliyasoma nikaweka karatasi mezani, nikaisoma tena. Haydom hawakuishia hapo. Waliweka mwanasesere palepale leba, mkunga akafanya mazoezi ya dakika chache mara kwa mara, kazini kwake, na wenzake. Mwaka 2015 wakachapisha walichokiona: vifo vya siku ya kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mkono ni kama kisu cha jikoni: usiponolewa, hata kama haujatumika, unapoteza makali.

Tukajaribu jambo hilo kwenye leba yetu. Kwanza tulifungua kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha leba, tukakisoma wenyewe, wakunga wote, jioni, kabla takwimu hazijapelekwa wilayani. Tulitafuta kila mtoto aliyeandikwa kuwa na alama ya chini ya hali yake dakika ya kwanza, tukauliza nani alikuwepo na nini kilikosekana. Jibu lililojirudia lilikuwa la kawaida sana: ambu ilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo upo kwa msimamizi wa zamu ambaye yuko chumba kingine. Tukaitoa kabatini. Ikawekwa mezani, karibu na taa ya joto, imeunganishwa na barakoa ya ukubwa unaofaa. Mwanasesere akakaa kando yake, na kila anayeingia zamu akampumulisha kwanza kabla ya kupokea ripoti. Hapakuwa na bajeti wala barua. Ilitosha kwamba waliokuwa wanaandika kitabu kile ndio waliokisoma.

Baadaye mazoezi ya namna hiyo yakaenezwa katika hospitali 30 za mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya vizazi vipatavyo 300,000: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Kwa upande wa akina mama, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004/05 ulikadiria vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Barabara zimechangia, vituo vya afya vyenye upasuaji vimechangia, damu salama imechangia. Na wamechangia wauguzi waliosikiliza moyo wa mtoto saa tisa usiku wakauandika.

Kwa wanaochukua nafasi zetu nina ombi. Msiache kazi ya kufikiri kuhusu wagonjwa wenu mikononi mwa wageni wanaokuja na madodoso kwa wiki mbili. Ninyi ndio mnaokuwepo. Mwezi ukiisha, kabla kitabu hakijajumlishwa, kaeni waliokuwa zamu, someni majina, ulizeni ni wapi muda ulipotea, na badilisheni jambo moja mnaloliweza wenyewe. Andikeni mlichobadilisha, kisha mwezi ujao mhesabu tena. Huo ni utafiti, hata kama hauna ufadhili. Vyuo viwafundishe hivyo tangu mwaka wa kwanza, na wenye mamlaka ya kuajiri waongeze mkunga wa pili kila zamu ya usiku, maana mtu mmoja hawezi kushika ambu, kuzuia damu ya mama na kuandika kwa wakati mmoja. Taarifa za wodini ni mali ya mgonjwa kwanza, kisha ni mali ya wodi. Zikisomwa hapo hapo zilipoandikwa, ndugu zangu, zinaokoa watu.