Jumba lililouzwa mbao kwa mbao

Je, msomaji, umewahi kusimama katika yadi ya mbao pale Gikomba ukatazama jinsi mbao mbichi zinavyopangwa? Hulazwa safu juu ya safu, zikitengwa kwa vijiti ili upepo upite. Sasa lifikirie rundo kama hilo likiwa na kimo cha mita tisa hivi, nawe unatembea ndani yake kama aliyepotea katika vichochoro vya Lamu.

Ndivyo lilivyokuwa jumba la Uswisi katika maonyesho ya dunia ya mwaka 2000 mjini Hannover, Ujerumani. Msanifu wake, Peter Zumthor, alipanga boriti zipatazo 37,000 bila msumari wala gundi. Zilibanwa kwa vyuma vyembamba na springi, na ndani yake wanamuziki wakapiga kodiani.

Ujanja ulikuwa hapa. Mbao hizo zilikatwa katika misitu ya Uswisi na kuletwa zikiwa mbichi. Kwa miezi mitano, Juni hadi Oktoba, zilikauka kwa upepo huku wageni wakipita, badala ya kukaushwa kwa tanuri linalokula mafuta. Mbao ikikauka hunywea, na ndiyo sababu ya zile springi: ukuta ukishuka, zenyewe ziliendelea kuubana. Maonyesho yalipokwisha, vyuma vilifunguliwa na mbao zikauzwa zijengee kwingine. Zilikuwa nzima, kavu, bila tundu.

Utauliza, hayo yana faida gani kwa hewa tunayovuta? Mti unapokua hufyonza gesi ya kaboni na kuihifadhi katika mbao. Ukiichoma mbao, gesi hiyo hurudi angani, na jengo lijalo litadai mti mwingine. Bila shaka malori yaliyozisomba mbao hizo hadi kaskazini mwa Ujerumani yalitoa moshi wake, na vyuma navyo vilitoka tanurini. Lakini linganisha na vibanda vyetu vya maonyesho: mbao hupigiliwa misumari, hung'olewa kwa nguvu zikapasuka, na jioni unazikuta chini ya sufuria ya mahindi.

Ukienda Hannover leo, usiulize njia ya kufika jumba hilo. Lile la Uholanzi, la maonyesho yayo hayo, lilibaki likawa gofu kwa miaka mingi. La Uswisi halikuacha hata msumari, kwani haukuwamo.