Bunduki ya Babu

Katika nyumba ya ukoo wetu, komini ya Tshopo hapa Kisangani, imo bunduki moja ya kale, gobori la kushindiliwa baruti kwa mdomo. Si nzuri ya kutazama. Kasiba yake imeliwa na kutu, nyundo ya mtambo haipo, na tako limepasuka mara mbili. Ufa wa kwanza babu aliufunga mwenyewe kwa ngozi mbichi, kabla sisi hatujazaliwa. Ngozi ilipokauka ikabana mti kama chuma. Ufa wa pili ni wa mwezi wa Juni mwaka 2000, siku zile sita majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, na ukuta wa jikoni ukaiangukia. Tangu hapo ilikaa nyuma ya kabati, mpaka baba mdogo alipotuita watoto wote wa ukoo akasema, «Bunduki hii itengenezwe, au itupwe mtoni.»

Tulidhani ni neno la jioni moja. Kumbe lilitushika miezi minne.

Baba mdogo alikuwa na sababu yake, wala si ya upuuzi. Shamba lake la mihogo liko ng'ambo ya mto, karibu na msitu, na nguruwe wa mwitu huingia usiku wakafukua mistari mizima. Yeye alitaka kasiba inyooshwe motoni, nyundo mpya ilehemiwe, basi. Kaka yetu mkubwa alitaka jambo jingine: seremala achonge tako jipya la mti mwekundu, chuma kisuguliwe kwa msasa hadi king'ae, nayo itundikwe sebuleni wageni waione. Shangazi alikataa yote mawili. «Msiiguse,» akasema. «Bunduki hiyo ilitoka kwa watu wa Tippu Tip.»

Hapa yafaa tukumbushe kidogo. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa Unguja aliyeitwa Tippu Tip, alipewa na mfalme Leopold wa Ubelgiji cheo cha liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, yaani hapa hapa kwenye maporomoko ya Wagenya. Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, na nguvu yake ilikuwa bunduki. Hata jina lile, yeye mwenyewe alieleza kwamba watu walimpa kwa mlio wa bunduki zake. Basi kwetu kusema «hii ni ya watu wa Tippu Tip» ni kusema neno kubwa, na si neno la sifa tu. Wako waliopata ile bunduki mkononi, na wako waliotazama mdomo wake. Shangazi hakutuambia babu wa babu alikuwa upande gani, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Kura zikaenda kwa baba mdogo, kwa kuwa mwenye njaa husikilizwa kwanza. Tukaipeleka kwa mhunzi. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwaka. Lakini yule fundi alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Kabla ya kuvukuta aliomba kijiti, akakiingiza ndani ya kasiba hata kikagota, akatia alama kwa ukucha, akakitoa na kukilaza kwa nje. Bunduki ikiwa tupu, kijiti hufika mpaka chini ya kile kichuchu kinachovikwa fataki. Chetu kiliishia vidole vinne kabla. Akapima tena. Vidole vinne vilevile. Akasogea mbali na moto, akasema taratibu, «Wazee, bunduki yenu imeshiba.»

Tulinyamaza. Utotoni tulicheza vita na bunduki ile. Mmoja wetu alikuwa akitia jicho mdomoni mwake kutafuta nyota. Miaka mingi ilining'inia juu ya meko. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti. Ikihifadhiwa kavu haichoki upesi kama tulivyodhani, na kasiba iliyoshindiliwa ikiingizwa motoni haihitaji fataki wala nyundo. Dakika chache zaidi, na maneno haya yasingeandikwa.

Fundi aliilaza ikielekea kichuguu, pasipo mtu mbele wala nyuma yake. Akamimina maji kwa mdomo, na mafuta kwenye kichuchu, akaiacha siku tatu. Tena akatuonya: baruti iliyolowa haiwaki, lakini ikikauka yaweza kuwaka tena, kwa hiyo maji yasikatike. Siku ya nne alifunga parafujo kwenye ncha ya mdeki, akazungusha, akavuta. Ikatoka kwanza mbamba ya nyuzi za mnazi wa mwitu, kisha vipande sita vya chuma vilivyokatwa kwa tindo, kisha tope jeusi. Baba mdogo aliviweka vile vipande kiganjani akavitazama sana.

Ni nani aliyeishindilia? Shangazi alijua. Mwezi wa Agosti mwaka 1964 Simba walipouchukua mji, yeye alikuwa msichana mdogo. Usiku mmoja alisikia mdeki ukigonga, tak, tak, na asubuhi bunduki haikuwapo ukutani. Babu alikuwa ameificha darini chini ya majani. Mwezi wa Novemba askari wa miavuli wakashuka, mji ukabadilika mikono tena, na babu hakuitoa. Alimshindilia nani? Simba, askari, au jirani? Shangazi hakumwuliza, na babu alikufa bila kusema. Tunachojua ni kwamba hakuipiga. Ndani ya nyumba yetu yenye maneno mengi, habari hiyo ilikuwa imekaa kimya ndani ya chuma miaka yote ile.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja moto tena. Fundi alituonyesha pia kwamba kutu imekula kasiba karibu na kichuchu, mahali baruti inapowakia, hata kimebaki chembamba. Ukiipiga, hupasuka usoni mwa mpigaji kabla nguruwe hajasikia kitu. Baba mdogo alielewa, lakini hakufurahi, nasi hatukumlaumu.

Likabaki shauri la kaka, la msasa. Fundi akasema, «Jaribuni kwanza kitambaa na mafuta.» Tukasugua jioni nyingi, polepole, tukiondoa kutu nyekundu na kuuacha weusi wa chuma ulio chini yake. Ndipo karibu na kichuchu ikatokea alama ndogo kama yai, ndani yake herufi E L G, na juu yake taji. Hiyo ni alama ya nyumba ya kujaribia silaha ya Liège, Ubelgiji. Na lile taji liliongezwa mwaka 1893. Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890.

Tena bamba la mtambo lina matundu yaliyozibwa, dalili kwamba hapo kwanza ilikuwa gumegume, ikageuzwa baadaye kuwa ya fataki. Ndani ya kasiba hamna mifuo. Hilo laafikiana na mambo ya siku zile, maana Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwazuia Wazungu kuwauzia watu wa huku bunduki za mifuo na za kisasa, ukaachia gumegume za kasiba laini. Msasa ungaliifuta ile alama kwa mikono miwili ya mtu mwenye bidii, nasi tungaliendelea kuwasimulia wajukuu habari za Tippu Tip.

Shangazi hakupendezwa. «Mwasema baba yangu alikuwa mwongo?» Tukamjibu, la, shangazi, pengine aliisikia habari ya bunduki nyingine. Alitutazama tu. Mpaka leo akiulizwa na wageni husema Tippu Tip, na sisi mbele yake hatusemi neno.

Mwisho tulipatana hivi. Ufa wa mwaka 2000 tuliunga kwa gundi ya ngozi, kwa sababu akija fundi bora ataweza kuifungua kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi ya babu hatukuigusa, ila kupangusa vumbi. Tako jipya hatukulitaka. Kaka alilitetea hadi siku ya mwisho, akisema ngozi ile ni ya kimaskini. Tukamwambia ndiyo, ni ya kimaskini, na ni mkono wa babu. Nyundo hatukurudisha, ili asiwepo atakayejaribiwa. Shefu wa kartie aliiona na kuiandika, kwa kuwa siku hizi kukaa na bunduki bila serikali kujua ni kujitafutia mashaka.

Vipande sita vya chuma vimo kikombeni, kando yake.

«Kwa hiyo bunduki ipumzike, nguruwe wale,» akasema baba mdogo. Jumamosi tatu mfululizo tumevuka mto pamoja naye kukata miti na kujenga ua. Pande tatu zimekwisha. Upande wa msituni bado, na wiki iliyopita wamekula tena mistari miwili.