Nukta, Mstari na Mshale

Maisha yangu ya kazi nimeyatumia kwenye aljebra za Lie, na ninaloliamini kuliko yote ni kwamba mchoro wa Dynkin si pambo la kumkumbusha mwanafunzi hesabu ndefu. Ni aljebra yenyewe, imekunjwa. Killing aliziainisha aljebra sahili za namba changamano kati ya 1888 na 1890, na Cartan akaziba mapengo ya hoja zake katika tasnifu ya 1894, lakini njia yao ilibaki nzito. Dynkin, akiwa bado kijana Moscow, aliona kuwa yatosha kuweka nukta kwa kila mzizi wa msingi, yaani kila moja ya vekta huru zinazoibeba aljebra, na kutazama pembe kati ya kila mbili: nyuzi 90 hakuna mstari, 120 mmoja, 135 miwili, 150 mitatu, na mshale ukielekea mzizi mfupi. Baada ya hapo mchoro ndio unaohukumu. Chukua nukta zilizounganishwa hadi zikafunga duara. Ipe kila nukta vekta ya urefu 1 upande wa mzizi wake, zijumlishe zote, kisha tafuta mraba wa urefu wa jumla hiyo. Kila nukta inaongeza 1, kila jozi ya nukta zilizounganishwa inapunguza 1 au zaidi, na jozi hizo ni nyingi sawa na nukta. Kinachobaki hakizidi sifuri, ilhali vekta hizi ni huru na jumla yake haiwezi kutoweka. Duara limekataliwa. Hoja za namna hiyo zikiendelea hadi mwisho, zinasalia familia nne zisizo na kikomo na maumbo matano ya pekee.

Wapo wanaosema picha ndogo hivyo lazima imepoteza kitu. Sikubali: Serre alionyesha kuwa namba zinazosomwa kwenye mchoro zinatosha kujenga mabano yote, yaani kanuni nzima ya kuzidisha ya aljebra, hata nukta nane za E8 zikazaa dimensheni 248. Pingamizi zito zaidi ni la aljebra nilipotenti, zile ambazo mabano yake yakirudiwa huishia sifuri, na ambazo mchoro huu hauzigusi kabisa. Hilo ni kweli, na kuanzia dimensheni 7 zenyewe hazihesabiki. Hata hivyo, hata huko picha inaweza kubeba aljebra: mwaka 2005 Dani na Mainkar waliichukua grafu yoyote, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, wakafanya nukta na mistari kuwa besi, na mabano ya nukta mbili yakawa ule mstari unaoziunganisha, au sifuri usipokuwepo. Baadaye Mainkar alithibitisha kuwa grafu mbili tofauti hazitoi aljebra moja.