Ahadi za Mwambao na Shamba la Babu

Mimi ni wakili Mombasa, kazi yangu kubwa ni mirathi na ardhi. Nimekuja kuamini kwamba mashauri mengi ninayopokea yaliamuliwa Oktoba 1963, kabla wateja wangu wengi hawajazaliwa.

Mwaka huo ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, yaani Mwambao, ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliutawala kwa mkataba wa 1895. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, Sir James Robertson alitumwa kusikiliza watu wa Mwambao, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Kenyatta aliahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, maafisa wa utawala Waislamu na masomo ya Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na kwamba hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Baada ya siku tatu mkataba wa kuuunganisha Mwambao na Kenya ukatiwa saini London.

Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte. Aliyepewa ahadi hakuwapo tena kuidai. Kadhi alisalimika kwa kuwa aliingizwa kwenye katiba ya Kenya, na hadi leo yumo, Ibara ya 170.

Hatimiliki nazo zilisalimika, na hapo ndipo roho inaponiuma. Nyingi zilitokana na sheria ya 1908, iliyomtaka kila mwenye ardhi ya Mwambao apeleke madai yake yasajiliwe. Wamijikenda wengi hawakupata cheti, na ahadi ya 1963 ilihusu hatimiliki zilizosajiliwa tu. Mzee mmoja wa Kilifi alinipeleka shambani, akanionyesha minazi ya babu yake na makaburi yaliyo chini ya mkwaju. “Mwanangu,” akaniambia, “hawa walilala hapa kabla ya karatasi hiyo kuandikwa.” Nilimwamini. Lakini karatasi ina jina la mtu mwingine, na wajukuu wa mtu huyo sasa wanataka kuuza.

Njia iliyobaki ni kudai shamba kwa kulikalia wazi wazi miaka 12 bila ruhusa ya mwenye cheti. Baadhi ya kesi kama hizo huwa tunashinda. Ila ili nimfungulie mzee kesi hiyo, lazima kwanza akiri mbele ya mahakama kwamba shamba la babu yake lilikuwa la mwenye cheti.