Mbwa Hana Dole Gumba

Jembe hakugusa breki ya mkono. Niliishusha mimi, kwa mkono wangu wa kushoto, Jumapili moja mchana mwaka 1982, baba akiwa amelala. Nilipoulizwa nikasema ni mbwa. Kwa neno hilo Jembe alitiwa mnyororo, mtoto wa jirani akaumwa, na mimi na baba tukaishi hadi kifo chake tukiwa na jambo ambalo wote wawili tulilijua na hakuna aliyelitamka. Naliandika leo kwa sababu aliyeumwa ameniambia kumwomba radhi pembeni, tukiwa wawili tu, hakutoshi.

Kwetu ni Kongwa, mkoa wa Dodoma, nchi kavu ambayo Waingereza waliivamia mwaka 1947 wakitaka kuilima karanga kwa matrekta, na kufikia 1951 wakawa wameshindwa na wameacha vyuma vyao. Tulikua tukiona vipande vya vyuma hivyo vikiwa mageti, mafiga na nyundo. Baba alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa majosho, chanjo, na kukagua ng'ombe mnadani, na shati lake lilinuka dawa ya kupe hata likiwa limetoka kufuliwa. Alikuwa na mapenzi mawili ambayo mama aliyasema waziwazi mbele ya wageni kwamba yanamtangulia yeye: magari na mbwa.

Gari la kwanza ninalolikumbuka ni Peugeot 404, pikapu nyeupe yenye gia kwenye usukani. Baba aliinunua ikiwa imechoka, lakini ukimsikiliza ungedhani ni ileile ya Bert Shankland, Mskochi aliyeishi Dar es Salaam na kushinda mbio za Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na 404. Baba alilitaja jina hilo kila tulipokwama mchangani. "Shankland angepita hapa," anasema, halafu sisi ndio tunashuka kusukuma. Barabara ya kutoka Mbande kwenda Mpwapwa iliimaliza ile Peugeot polepole, na siku ilipokatika chasisi baba aliikalia kimya kama mtu aliyefiwa.

Ndipo ikaja Land Rover 109, ya mnada wa serikali, rangi ya kijivu, na maandishi mlangoni yaliyopakwa rangi juu lakini yakionekana jua likipiga ubavuni. Hilo ndilo gari la utoto wangu. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo haikuota kutu. Kilichoota kutu ni chasisi, ambayo baba aliipaka oili chafu. Tangi la mafuta lilikuwa chini ya kiti, hivyo ndani kulinuka petroli safari nzima, na hadi leo harufu hiyo inanitia njaa, maana kwetu safari ilimaanisha mihogo ya kukaanga njiani. Kulikuwa na kirungu cha njano na kirungu chekundu pembeni mwa gia, ambavyo sisi watoto tulikatazwa kuvigusa, na hendeli ya kuwashia nyuma ya kiti. Mama alikaa mbele na mtoto mchanga. Sisi tulikaa nyuma chini ya turubai, kwenye mabenchi yanayotazamana, magoti yetu yakigusana na mbuzi wa kupeleka mnadani. Mbwa walisimama mwisho kabisa, miguu ya mbele juu ya mlango wa nyuma, masikio yakipigwa na vumbi.

Mbwa wetu hawakuwa wa mapambo. Baba alikuwa na utaratibu wake: mtoto wa mbwa akiachishwa kunyonya tu, anaingizwa zizini alale na vitoto vya mbuzi. Anakua akiwadhania ni ndugu zake. Akifika umri wa kwenda machungani hahitaji kufundishwa kuwalinda, na usiku fisi akija kuchimba chini ya boma la miiba, mbwa hafukuzi mbali. Anabweka palepale penye tundu hadi watu waamke. Walikula ugali wa mtama na maji ya mchuzi, na mifupa siku ya sikukuu. Walichanjwa kichaa kila mwaka, wa kwanza wilayani pengine, kwa kuwa baba alipokwenda vijijini na sindano zake alikuta watu wamewaficha mbwa vichakani, na alitaka aweze kusema: wangu wamechanjwa, njooni muwatazame wanavyofanya kazi.

Jembe alikuwa bora kuliko wote. Alikuwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, mkia uliopinda. Aliijua sauti ya Land Rover yetu ikiwa bado huko mbali bondeni, na akisimama kutazama njia mama alikuwa anaongeza maji ya ugali. Gari likiwa limeegeshwa na mlango uko wazi, alipanda akakaa kiti cha abiria, mbele, akitazama kioo kama mtu anayesubiri dereva. Tulicheka. Nami nilipokuja kutafuta wa kumsingizia, kicheko hicho kilikuwa kimeshanitengenezea ushahidi.

Miaka ile mafuta yalikuwa ya shida na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukikutwa barabarani bila kibali, maelezo unayatoa polisi. Kwa hiyo Jumapili mchana Land Rover ililala, na ililala juu ya mteremko, pua ikielekea bondeni liliko zizi, kwa sababu stata ilikuwa mbovu na Jumatatu asubuhi ingewashwa kwa kuserereka. Baba aliizuia kwa vitu vitatu: jiwe mbele ya gurudumu, gia ya kwanza, na breki ya mkono. Akitaka kuondoka alivitoa kwa mpangilio huohuo. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi sana.

Nilikuwa nacheza udereva. Siwezi kusema nilijua gari litaondoka, wala siwezi kusema sikujua. Niliondoa jiwe nikaliweka pembeni, kwa uangalifu, kama baba. Nikapanda. Jembe akapanda upande wa pili, akakaa. Nikakanyaga klachi kwa kuteleza chini ya kiti, nikatoa gia. Nikashusha breki.

Gari lilipoanza kutembea nilifungua mlango nikaruka. Jembe hakuruka. Land Rover ilishuka bila kelele, ikapasua boma la miiba, ikawakanyaga vitoto viwili vya mbuzi vilivyobaki nyumbani, ikasimama kwenye mgunga. Madigadi ya kushoto ilikunjika. Watu walipofika mbio wakamkuta Jembe bado yuko kwenye kiti, anatetemeka, peke yake.

Baba alikuja akiwa amevaa kikoi. Aliwatazama mbuzi kwanza, kisha gari, kisha mimi.

"Nani alikuwa ndani?"

"Jembe."

"Jembe peke yake?"

"Ndiyo, baba."

Alipanda mteremko polepole hadi pale gari lilipokuwa limeegeshwa, akainama, akaokota jiwe, akarudi nalo mkononi. Akaliweka mbele ya gurudumu. Nikadhani anahakikisha gari halisogei tena. Hakuuliza kitu kingine. Jioni akaleta mnyororo, chuma kizito ambacho wazee walisema ni masalia ya enzi za karanga, akamfunga Jembe kwenye mgunga uleule.

Mbwa wa zizi ukimfunga, humwachi kama alivyokuwa. Wiki za mwanzo Jembe alilia mbuzi walipotoka kwenda machungani. Baadaye akaacha kulia, akaanza kuzunguka mti hadi akachimba mfereji. Mbwa wenzake walikuwa wanamfuata yeye. Bila yeye walibweka ovyo. Fisi hawakuchukua muda kuujua urefu wa ule mnyororo. Walikuja upande wa pili wa boma, na asubuhi tukakuta damu na kamba. Mama alisema mfungueni mbwa. Baba akajibu, akinitazama mimi, kwamba mbwa atafunguliwa ukweli ukijulikana. Mama alidhani anatania. Mimi nilielewa kwa namna yangu ya kitoto: kwamba baba hajui, na anatafuta. Nikaona nikikaa kimya vizuri atachoka kutafuta.

Binti wa jirani alikuwa mdogo kidogo kuliko mimi. Jembe alikuwa akimsindikiza kisimani zamani, hata tulimwita mchumba wake. Siku hiyo alitumwa kwetu kuomba chumvi, akapita karibu na mgunga kama alivyozoea, akanyoosha mkono. Akang'atwa kiganjani na chini ya kiwiko.

Baba aliyajua ya kufanya na aliyafanya yote. Alimwosha jeraha kwa maji na sabuni muda mrefu sana, mtoto akilia, kwa kuwa kirusi cha kichaa huondolewa kwanza pale jerahani kabla hakijashika njia ya neva. Na sabuni mwaka ule ilikuwa haipatikani madukani. Mama alitoa kipande alichokuwa amekificha ndani ya pipa la unga. Mtoto akapelekwa hospitali, akaanzishiwa sindano, zile za tumboni ambazo kizazi chetu kilitishiwa nazo. Jembe alikuwa amechanjwa, lakini baba hakutaka kuutegemea wino wa cheti chake mwenyewe. Alimtenga na kumtazama siku 10, ndiyo kanuni: mbwa aliyeng'ata akizimaliza akiwa mzima, basi alipong'ata hakuwa na kirusi kwenye mate. Jembe alizimaliza akila vizuri. Sindano zikasitishwa. Baba akawapa jirani zetu mbuzi, wakapokea, na urafiki wa nyumba mbili ukaisha kimyakimya bila ugomvi.

Mbwa akapelekwa. Baba alimfungua mnyororo mwenyewe, akamfungulia mlango wa Land Rover. Jembe akaruka kwenye kiti cha abiria mara moja, mkia ukipiga dashibodi. Wakaenda upande wa Mlali kwa mfugaji aliyekuwa na mbuzi wengi na watoto wachache. Nilisimama uani. Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wote ambao baba aliutumia kuwasha gari kwa hendeli, na aliuchukua mrefu kuliko kawaida.

Miaka ilipita, nikamaliza sekondari, baba akanifundisha kuendesha Land Rover ileile. Alianza na kuegesha, si kuondoka. Akanieleza kwamba breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, inashika propela shafti inapotokea kwenye gia boksi, na sili ikivuja oili huingia kwenye dramu na breki huteleza; ndiyo maana ya gia na jiwe. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaweka dole gumba langu juu ya kitufe kilicho kichwani mwa mtaimbo wa breki.

"Bila kubonyeza hiki, haishuki," akasema. "Mbwa hana dole gumba. Wala habebi mawe."

Akaniambia niwashe gari. Nikawasha. Tukaendesha hadi Kibaigwa na kurudi tukizungumzia bei ya mahindi.

Basi alijua tangu siku ileile, pale aliponiona nikimtazama akiokota jiwe. Mnyororo ulikuwa ni swali, na aliuliza kila siku. Mimi niliuona kama jibu. Kosa langu ninalolikiri si uongo wa mtoto aliyeogopa fimbo. Huo ningeusamehe kwa mtoto yeyote. Kosa ni kwamba hata ndani ya gari, nikiwa kijana mwenye ndevu, nimeshikwa dole gumba, nilizungumzia mahindi. Na niliendelea kuyazungumzia hadi tukamzika.

Nitasema na jingine, ingawa kwetu marehemu hasemwi. Baba naye alikosea. Alitaka dhamiri yangu inisute, akatumia mbwa kama chambo na kungoja, na aliyeulipia mtego huo ni mtoto wa watu. Mtaalamu aliyejua kila kitu kuhusu mbwa alijua mnyororo unafanya nini. Angenichapa tu. Ningelia siku moja, na Jembe angeendelea kulala zizini.

Mwaka huu nilikwenda Kongwa msibani, nikamkuta yule binti, sasa mama mtu mzima, akipakua wali. Nilimwomba tuongee pembeni. Nilipomaliza alikunja mkono wa gauni akanionyesha kovu chini ya kiwiko, akaniambia kwamba watoto wake hawajawahi kufuga mbwa, kwa amri yake, na kwamba fisi wamewala mbuzi wake zaidi ya mara moja.

"Baba yako alitulipa mbuzi kwa kosa la mbwa," akasema. "La kwako, kaka, bado hujalipa."

Nikataja pesa. Akakataa. Anataka mbuzi jike mwenye mimba, nimlete mwenyewe nisimtume mtu, na anataka na mtoto wa mbwa aliyechanjwa, nimfundishe kulala zizini kama baba alivyofanya. Halafu akasema niandike, niweke jina la mbwa, watu waliosema ni mbwa mbaya wasome. Jina lake lilikuwa Jembe. Mbuzi nimeshampata, mbwa bado natafuta.